Wachina walisema mienendo, si elementi

Wiki chache zilizopita nilikuwa nikisahihisha kazi ya tafsiri ya mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu. Alikuwa amechagua makala ya Kiingereza juu ya tiba ya Kichina, na kwa hakika Kiswahili chake kilikuwa safi. Sentensi zilipangika, na upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Hata hivyo, kalamu yangu nyekundu ilisita kwenye aya ya kwanza. Hapo aliandika kwamba Wachina wa kale waliamini kuwa vitu vyote duniani vimeumbwa kwa elementi tano, yaani mbao, moto, udongo, chuma na maji. Nilimwita ofisini nikamwuliza neno hilo "elementi" linaitwaje kwa Kichina. Akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu, mimi nilitafsiri kutoka Kiingereza," akajibu.

Sikumlaumu, kwa sababu jibu lake ndilo jibu la wengi wetu. Tumezoea kupokea fikra za ulimwengu mzima kupitia mlango mmoja, nao ni Kiingereza. Mgiriki, Mhindi, Mwarabu na Mchina wote huingia nyumbani mwetu wakiwa wamevishwa koti la Mwingereza, nasi huamini kwamba koti ndilo mtu. Wahenga walisema kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kujifunika kwa methali hiyo, maana kazi yake ni kuambia watu maana. Kwa hiyo leo nitadai jambo moja na kulitolea ushahidi. Wachina wa kale hawakuwa na elementi tano. Walikuwa na mienendo mitano, na Kiswahili kina neno la kuwaelewa ambalo Kiingereza hakina.

Tuanze na neno lenyewe, ambalo ni wuxing. Wu ni tano, na hapo hapana ubishi. Xing ndilo lenye habari. Katika mifupa ya ramli ya enzi ya Shang, ambayo maandishi yake yalichongwa kati ya mwaka 1250 hivi na 1046 K.K., alama ya xing ni mchoro wa njia panda, barabara mbili zikikatana. Kutokana na njia, neno likapata maana ya kutembea na kusafiri. Kutokana na kutembea, likapata maana ya jinsi mtu anavyoenenda maishani, yaani matendo yake. Hata leo Mchina hutumia neno hilo hilo kwa kutembea na kwa kutenda, na pia hulitumia kukubali jambo, kama sisi tusemavyo "sawa, twende hivyo."

Je, msomaji, safari hiyo ya maana haikukumbushi kitu? Kitenzi chetu ni enda. Kutoka hapo tukapata mwendo, kisha enenda, kisha mwenendo, neno ambalo mwalimu mkuu huliwazia anapojaza cheti cha mwanafunzi anayeaga shule. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimepita njia ile ile, kutoka hatua ya mguu hadi sifa ya mtu. Mwingereza, kwa upande wake, ametumia neno lililotoka kwa Kilatini, elementum, ambalo liliwahi kufasiri neno la Kigiriki stoicheion. Neno hilo la Kigiriki pia lilitumiwa kwa herufi za alfabeti. Ndiyo kusema kwamba fikra iliyomo ni ya vipande vidogo visivyogawanyika, ambavyo ukivipanga unapata kitu kikubwa, kama herufi zinavyofanya neno. Huyo Mgiriki aliuliza kitu kimeundwa kwa nini. Mchina aliuliza kitu kinakwendaje. Haya ni maswali mawili, na ukilijibu moja kwa jibu la jingine umewapotosha watu wote wawili.

Ushahidi wa kwanza umo katika kitabu cha kale kiitwacho Shujing, yaani Kitabu cha Nyaraka, katika sura ijulikanayo kama Hong Fan au Mpango Mkuu. Mapokeo husema kwamba sura hiyo ni mafundisho aliyopewa Mfalme Wu wa Zhou katika karne ya 11 K.K., lakini wataalamu wengi wa leo huona kwamba iliandikwa karne nyingi baadaye. Vyovyote iwavyo, hapo ndipo mitano hiyo inapotajwa kwa mpango: maji, moto, mti, metali na udongo. Linalostahili kuangaliwa ni namna ilivyoelezwa. Sura haisemi maji ni nini. Inasema maji hulowesha na kuteremka, moto huwaka na kupanda, mti hupinda na kunyooka, metali huyeyuka na kufuata umbo, na udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno. Kila kimoja kimetajwa kwa kitenzi chake. Ni kana kwamba mwalimu amesimama mbele ya darasa la watoto watano akieleza mwenendo wa kila mmoja.

Hapo pia tunaona kwa nini mwanafunzi wangu alikosea alipoandika "mbao". Neno la Kichina mu hutaja mti ulio hai na pia mbao. Lakini katika mfumo huu linahusu kuchipua na kupinda bila kuvunjika, na mbao iliyopasuliwa haichipui. Vivyo hivyo jin si chuma. Maandishi mengi ya awali yalipotaja jin, aghalabu yalikusudia shaba iliyochanganywa na bati, ile iliyotengenezewa vyungu vya matambiko. Leo neno hilo hutumiwa zaidi kwa dhahabu. Metali yatosha.

Swali linalofuata ni hili: mitano hii ilitoka wapi? Wauzaji wa vitabu vya afya hupenda kusema kwamba ni hekima ya miaka elfu tano iliyotujia bila kubadilika. Kauli hiyo huuza vitabu, lakini historia haiikubali. Mifupa ya ramli ya Shang haina orodha ya mitano hii. Ina pande nne za dunia na pepo zake, kila upande na upepo wenye jina, huku mfalme akiwa katikati. Nne na kitovu ni tano, na huenda hapo ndipo mazoea ya kuhesabu kwa tano yalipopata nguvu. Katika kitabu cha historia kiitwacho Zuozhuan, cha karne ya nne K.K. hivi, tunasoma mahali pamoja juu ya vitu vitano ambavyo watu huvitumia, na mahali pengine juu ya hazina sita. Hizo sita ni maji, moto, metali, mti, udongo na nafaka. Naam, sita. Hesabu ilikuwa bado haijatulia, na nafaka ilikuwa na kiti chake mezani kabla ya kuondolewa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulifukuliwa ardhini katika siku zetu. Mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui karibu na mji wa Changsha, lililofungwa mwaka 168 K.K., palipatikana maandishi juu ya hariri. Miongoni mwake mlikuwa na andiko linalozungumzia wuxing. Mwaka 1993 andiko hilo hilo likapatikana tena Guodian, mkoani Hubei, safari hii juu ya vipande vya mianzi katika kaburi la mwaka 300 K.K. hivi. Nalo lina kichwa: Wuxing. Mtu aliyeshika kamusi ya Kiingereza angetarajia kusoma habari za mti na moto. La hasha! Xing tano za andiko hilo ni utu, uadilifu, adabu, hekima na utakatifu wa mwenye busara. Ni mienendo mitano ya mwanadamu, na andiko linafundisha jinsi inavyomea ndani ya moyo hadi ikawa tabia. Mwanafalsafa Xunzi, wa karne ya tatu K.K., aliwashutumu Zisi na Mencius kwa kueneza fundisho la wuxing, na kwa karne nyingi wasomaji walijiuliza alikusudia nini, maana Mencius hana habari za moto na maji. Mianzi ya Guodian ilisaidia kufumbua kitendawili hicho. Sasa mchukue mfasiri wa "elementi" umpe andiko hilo. Ataandika nini? Elementi ya adabu? Mfasiri wa "mienendo" hana taabu yoyote.

Ni nani basi aliyeigeuza mienendo hii kuwa mfumo wa kueleza kila kitu? Jina linalotajwa zaidi ni la Zou Yan, mwanachuoni wa dola ya Qi, aliyeishi takriban kati ya mwaka 305 na 240 K.K. Vitabu vyake vimepotea vyote, nasi twamjua kupitia kwa waandishi wengine, hasa mwanahistoria Sima Qian. Zou Yan alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya mwenendo mmojawapo, na kwamba mwenendo huo ukichoka hushindwa na ule uushindao. Mti hupasua udongo, metali hukata mti, moto huyeyusha metali, na maji huzima moto. Kwa hesabu hiyo, Mfalme wa Manjano alitawala kwa Udongo, Xia kwa Mti, Shang kwa Metali na Zhou kwa Moto. Kila mwenye tamaa ya kiti aliweza kukisia mwenendo utakaofuata.

Mwaka 221 K.K., dola ya Qin ilipomaliza kuzimeza dola nyingine, mfalme wake alijitangaza kuwa Mfalme wa Kwanza. Sima Qian anaeleza kwamba alichagua Maji, kwa kuwa Zhou walikuwa Moto. Mavazi na bendera vikawa vyeusi, rangi ya maji. Hesabu ikawa sita, hata upana wa magari ukapimwa kwa sita. Hata Mto Manjano ukapewa jina jipya la kuusifu mwenendo huo. Ukali wa sheria zake nao ukatetewa kwa hoja hiyo hiyo, kwamba maji ni baridi na hayana huruma. Baadaye ukoo wa Han ulianza kwa kujiita Maji, ukageuka kuwa Udongo mwaka 104 K.K., na mwaka 26 B.K. ukatangaza kwamba ni Moto. Ukoo mmoja, mienendo mitatu! Msomaji wa Afrika Mashariki ambaye ameshuhudia vyama vikibadili rangi na mbiu hahitaji kuelezwa zaidi. Nadharia iliyoanza kama uangalizi wa maji yateremkayo na moto upandao ilikuwa imeajiriwa ikulu.

Tusidhani kwamba Wachina wote waliinamisha vichwa. Wafuasi wa Mozi walihoji mapema. Walisema kwamba katika mienendo mitano hakuna ushindi wa daima. Moto mwingi huyeyusha metali, lakini metali nyingi huumaliza mkaa. Jambo ni wingi, si jina. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 B.K., aliwacheka waliounganisha mienendo hiyo na wanyama kumi na wawili wa kalenda. Akauliza, ikiwa panya ni maji na farasi ni moto, mbona panya hamfukuzi farasi? Wanafunzi wangu hucheka wasikiapo hoja hiyo, nami huwaambia kwamba wamekutana na mtu aliyekataa kukariri. Ni vyema wajue kuwa Uchina ilikuwa na wabishi wake, kama ilivyokuwa Ugiriki.

Tuje sasa kwenye tiba, ambako neno hili limetuathiri zaidi. Katika kaburi lile lile la Mawangdui zilipatikana pia hati za utabibu, ambazo ni kongwe kuliko nyingi tulizo nazo. Zinataja mishipa, mazoezi ya viungo, na dawa za maradhi 52. Mfumo wa mienendo mitano haujawa uti wa mgongo wa tiba hiyo. Hati moja juu ya mimba inasema kwamba kuanzia mwezi wa nne mtoto hupokea maji, kisha moto, metali, mti na udongo, na mwezi wa tisa hupokea jiwe. Kwa mara nyingine tunahesabu sita. Ni katika Huangdi Neijing, mkusanyiko wa utabibu uliokamilika kwa sehemu kubwa katika enzi ya Han, ambapo mitano inakaa imara. Hapo ini ni mti, majira ya kuchipua, upepo, ladha ya uchachu, macho na hasira. Moyo ni moto, kiangazi, uchungu, ulimi na furaha. Bandama ni udongo, unyevu, utamu na fikira. Mapafu ni metali, vuli, ukali wa ladha, pua na huzuni. Figo ni maji, kipupwe, chumvi, masikio na hofu. Kitabu kilichofuata, Nan Jing, kiligeuza uhusiano huo kuwa kanuni ya kuchoma sindano: kiungo kikipungukiwa, mtie nguvu mama yake, kikizidi, mpunguze mtoto wake. Maji ni mama wa mti, mti ni mama wa moto, na kadhalika.

Lakini hata mpangilio huo ulikuwa na mpinzani. Katika matambiko ya kifalme ya majira, viungo vya mnyama wa kafara viligawanywa kwa namna nyingine. Bandama ilitolewa katika majira ya kuchipua, mapafu kiangazi, moyo katikati, ini wakati wa vuli, na figo wakati wa kipupwe. Ukifuata hesabu hiyo, ini ni metali na moyo ni udongo. Xu Shen, mtunzi wa kamusi mashuhuri iliyokamilika mwaka 100 B.K., aliyataja mapokeo yote mawili. Zheng Xuan, aliyefariki mwaka 200 B.K., akajibu kwamba mpangilio wa kafara ulifuata tu mahali kiungo kilipo mwilini mwa mnyama, na kwamba waganga hutibu kwa mpangilio ule mwingine. Akaonya kuwa ukiwageuzia waganga mpangilio huo, mgonjwa atakuwa hatarini. Angalia vizuri jambo hili, msomaji. Lau ini "lingeundwa" kwa mti kama meza ilivyoundwa kwa mbao, ubishi huo usingewezekana. Uliwezekana kwa sababu waliokuwa wakibishana walikuwa wakitafuta mfano bora wa kueleza mwenendo wa kiungo. Walikuwa wakifanya kazi ya lugha.

Basi koti la "elementi" lilishonwa na nani? Miongoni mwa washonaji wa kwanza ni mapadre Wajesuiti, na mashuhuri kati yao ni Matteo Ricci, aliyefika Makau mwaka 1582 na kufariki Beijing mwaka 1610. Ricci alikuwa msomi mkubwa aliyeandika Kichina kwa ufasaha. Alikwenda na elimu ya Aristotle ya moto, hewa, maji na udongo, na alipotaka kuitaja kwa Kichina akaliazima neno xing. Mara tu alipofanya hivyo, ile mitano ya Wachina ikaonekana kuwa orodha mbovu ya kitu kile kile. Akaandika risala ya kueleza elementi nne, akidai kwamba mti na metali haviwezi kuwa asili ya vitu vingine kwa kuwa venyewe vimechanganyika, na kwamba Wachina wameisahau hewa. Hoja yake ni sahihi kabisa kwa swali ambalo Wachina hawakuwa wameliuliza! Kosa hilo likaingia vitabuni, na hata Joseph Needham, katika juzuu yake ya mwaka 1956 juu ya sayansi ya Uchina, aliendelea kuandika "elementi", ijapokuwa alieleza kwamba ni nguvu zinazotenda na si mata. Wanahistoria waliomfuata, kama Nathan Sivin, wamelitumia neno linalolingana na "awamu". Hilo ni afadhali, lakini kwa Kiswahili halitufai sana. Ukiandika "awamu ya tano" msomaji wa Dodoma atafikiria rais.

Ricci asituonekane mtu wa ajabu, kwa sababu sisi wenyewe tuna urithi wa Kigiriki bila kujua. Elimu ya Galen ilifasiriwa kwa Kiarabu, ikapangwa upya na mabingwa kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, kisha ikafika pwani yetu pamoja na vitabu vya falaki na tiba. Mpaka leo wazee wa Mombasa na Lamu hugawa nyota kumi na mbili katika moto, udongo, upepo na maji, na waganga wa pwani husema juu ya matabia ya mwili, yaani joto, baridi, yabisi na rutuba. Neno tabia lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya maumbile ya kitu. Nasi tukalichukua hatua mbele, likawa desturi na mwenendo wa mtu. Kwa hiyo mtoto wa Kenya anayeambiwa "rekebisha tabia yako" anaambiwa kwa neno lililopita katika zahanati za kale. Lugha yetu imeshawahi kulisafirisha jambo la tiba hadi katika maadili. Haitashindwa kulirudisha.

Huenda kuna atakayesema kwamba yote haya ni ubishi wa wanaisimu wasio na kazi, kwamba jina ni lebo tu na dawa hutibu kwa jina lolote. Nimjibu kwa kisa nilichokishuhudia. Mwaka juzi jirani yangu, mama wa makamo, alinijia jioni akilia. Watu wa mtaani huniita daktari, na mara nyingi husahau kwamba udaktari wangu ni wa maneno. "Daktari," akaniambia, "wamesema figo zangu zimekwisha." Alikuwa ameenda kwenye kliniki ya mitishamba ya Kichina kwa sababu ya maumivu ya kiuno na uchovu. Mganga alimshika mkono, akasikiliza mapigo ya mshipa, akasema maneno kadhaa, na mkalimani akafasiri kwamba elementi ya maji iko chini na figo ni dhaifu. Mama huyo hakuwa amelala kwa siku tatu. Alikuwa ameshawaza kusafishwa damu kwa mashine, na wanawe walikuwa wameanza kuzungumza juu ya harambee. Alipopimwa hospitalini, ilionekana kwamba figo zake zinafanya kazi ipasavyo.

Mganga hakudanganya kwa lugha yake. Katika tiba ya Kichina neno shen, linalofasiriwa "figo", hutaja mkusanyiko wa mambo: kiuno, mifupa, uzazi, masikio, hofu, na mwenendo wa maji kwa jumla. Udhaifu wa shen si ugonjwa wa figo ambao daktari wa hospitali huupima katika damu. Mkalimani alifasiri neno kwa neno, kupitia Kiingereza, na neno moja likamnyima mama wa watu usingizi. Sasa geuza kisa hicho. Fikiria mgonjwa ambaye figo zake zimeharibika kweli, akaambiwa kwamba ni maji tu yamepungua na yatajazwa kwa majani ya chai. Huyo hatalia, atachelewa. Sisemi kwamba tiba ya Kichina haina faida, wala sisemi kwamba uhusiano wa ini na mti umethibitishwa katika maabara, kwa sababu haujathibitishwa. Nasema kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anapoelezwa kwa mfano na anapoelezwa kwa kipimo. Tafsiri mbaya humwibia haki hiyo.

Kuna pingamizi la pili, na hili ni zito zaidi. Baadhi ya wenzangu husema kwamba "elementi" limeshazoeleka, na kwamba kubadili istilahi huleta mchafuko. Ni kweli kwamba istilahi haifai kubadilishwa kila mwezi kama bei ya unga. Lakini katika Kiswahili mada hii bado ni changa. Hatuna maktaba ya vitabu vitakavyopitwa na wakati. Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa shule ya upili hulikuta neno elementi katika somo la kemia, ambako lina maana kamili: oksijeni, kaboni, chuma. Akilikuta tena katika falsafa ya Kichina, atahitimisha kwamba Wachina walikuwa wanakemia walioshindwa, waliohesabu tano badala ya zaidi ya mia moja. Hiyo ni dhuluma kwa taifa zima, na inafanywa na kiambishi cha kemia.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "mienendo mitano": mwenendo wa mti, wa moto, wa udongo, wa metali na wa maji. Neno ni letu, linaeleweka kwa mkulima na kwa profesa, na linahifadhi picha iliyo katika Kichina, yaani njia, mwendo na matendo. Linatufaa tunaposoma juu ya ini na figo, linatufaa tunaposoma juu ya Qin na Han, na linatufaa tunaposoma andiko la Guodian juu ya utu na uadilifu.

Walimu wenzangu, hatuna tena kisingizio cha umbali. Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na tangu hapo vijana wetu wengi wamejifunza Kichina kwa kiwango cha kusoma vitabu. Mfasiri aliye na swali anaweza kuvuka ua akauliza. Kuuliza si ujinga. Mwanafunzi wangu, baada ya mazungumzo yetu, alikwenda kumtafuta mwenzake anayesoma Kichina, wakaketi pamoja alasiri nzima. Kazi aliyoirudisha ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, jambo ambalo hapo awali halikuwepo. Lakini sentensi yake ya kwanza sasa ilisema kwamba Wachina wa kale waliutazama ulimwengu wakaona kwamba kila kitu kina mwenendo wake, wakaitaja mienendo mitano. Nilizungusha yale makosa ya tahajia, kisha nikampa alama za juu kuliko za awali.